Ukaazi wa Kudumu Marekani: Msaada wa Sheria Utafutwe kwa Nani?

Ni nadra siku hizi kukuta familia ya Kiislamu katika miji yetu ya pwani isiyokuwa na ndugu ughaibuni. Wapo walio Oman na nchi nyingine za Ghuba, wapo walio Uingereza, na wapo walio Marekani. Hao wa Marekani walifika kwa njia mbalimbali: mmoja kwa masomo, mwingine kwa ndoa, mwingine kwa bahati nasibu ya viza, na wengine, hususan ndugu zetu wa Kongo waliokaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, kwa mpango wa kuwahamishia wakimbizi nchi ya tatu. Pamoja na kutofautiana kwa njia zao, wote wana haja moja, nayo ni kupata ukaazi wa kudumu, hali ambayo ushahidi wake ni ile kadi inayojulikana na wengi kwa jina la grini kadi.

Makala haya hayakuandikwa ili kumshawishi mtu ahame wala kumzuia. Yameandikwa kwa sababu sehemu kubwa ya safari hiyo ya makaratasi huanzia huku nyumbani. Ofisi ya msikiti ndiyo inayofungisha ndoa, ndiyo inayoulizwa habari za talaka, na ndiyo inayoombwa barua ya kuthibitisha kuwa fulani ni mtoto wa fulani. Anayekaa katika meza ya ukatibu kwa muda hujifunza jambo moja: maombi mengi hayaharibiki kwa sababu mwombaji hakuwa na haki. Huharibika kwa sababu alimwendea mtu asiyeruhusiwa kutoa msaada wa sheria, au kwa sababu ndugu zake, kwa kudhani wanamsaidia, waliandika jambo lisilo la kweli.

Jambo hili lina uzito zaidi wakati huu. Mwezi Juni 2025 serikali ya Marekani ilitoa amri ya kuwazuia au kuwabana raia wa nchi kadhaa wasiingie nchini humo, Somalia na Burundi zikiwamo. Desemba ya mwaka huohuo orodha iliongezwa, na Tanzania ikaingizwa miongoni mwa nchi zilizobanwa kwa sehemu. Mlango unapokuwa mwembamba, wanaodai kuwa na ufunguo wa siri huongezeka. Ndiyo maana ni lazima kila familia ijue nani anaruhusiwa kusaidia, na nani ni tapeli.

Kwa nini wakili anahitajika

Nchini Marekani, mshitakiwa wa kosa kubwa la jinai asiye na uwezo hupewa wakili kwa gharama za serikali. Msingi huo uliwekwa na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mwaka 1963 katika shauri la Gideon. Lakini mashauri ya uhamiaji hayahesabiwi kuwa ni jinai. Sheria inamruhusu mhamiaji kuwa na wakili, ila si kwa gharama za serikali. Matokeo yake ni kwamba mama aliyekimbia vita, asiyejua Kiingereza, anaweza kujikuta amesimama peke yake mbele ya jaji wa uhamiaji, ilhali upande wa pili yupo mwanasheria aliyeajiriwa na serikali.

Aidha, sheria yenyewe ni msitu. Kila njia ya kupata ukaazi ina masharti yake na muda wake. Aliyepokewa kama mkimbizi anatakiwa na sheria aombe ukaazi wa kudumu baada ya kutimiza mwaka mmoja nchini humo. Aliyefika kwa viza nyingine kisha akaona hawezi kurudi kwao kwa kuhofia kuteswa, kwa kawaida ana mwaka mmoja tu tangu kuingia wa kuwasilisha ombi la hifadhi. Mkimbizi au mwenye hifadhi anayetaka kumwita mke, mume au mtoto aliyeachwa nyuma ana miaka miwili ya kufanya hivyo, naye mtoto awe hajafika miaka 21 na hajaoa wala kuolewa. Anayepitwa na muda kwa kutojua mara nyingi haambiwi na mtu yeyote kuwa umempita, hadi siku anapokuja kuomba.

Hapo ndipo msaada wa sheria unapokuwa na thamani. Wakili mzuri hamtengenezei mtu haki ambayo hana. Kazi yake ni kumwonesha haki aliyonayo, kumtajia muda uliobaki, na zaidi ya yote, kumwambia mapema pale ambapo kuwasilisha ombi kutamletea madhara kuliko kutulia. Jibu la namna hiyo halimpendezi mteja, lakini limewanusuru wengi.

Nani ana ruhusa

Kwa mujibu wa taratibu za Marekani, wenye ruhusa ya kumshauri na kumwakilisha mhamiaji ni makundi mawili hasa.

Kundi la kwanza ni mawakili, yaani watu waliosomea sheria na kupokewa katika chama au mahakama ya jimbo mojawapo la Marekani. Kwa kuwa sheria ya uhamiaji ni ya taifa zima, wakili aliyesajiliwa Ohio anaweza kumsimamia mtu aishiye Texas. Usajili wake unaweza kuhakikiwa na yeyote kwa kuangalia daftari la mawakili la jimbo lake, ambalo huwekwa wazi katika intaneti. Hapohapo huonekana pia iwapo amewahi kupewa adhabu ya kinidhamu.

Kundi la pili halifahamiki sana kwetu, ilhali ndilo kimbilio la wasio na fedha. Hawa ni wawakilishi walioidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani. Si mawakili, lakini wamefunzwa sheria ya uhamiaji na wanafanya kazi chini ya taasisi isiyo ya kibiashara ambayo nayo imetambuliwa na wizara hiyo. Baadhi yao wana idhini ya kushughulikia maombi yanayopelekwa katika idara ya uraia na uhamiaji, ile inayojulikana kwa herufi za USCIS. Wengine wana idhini kamili, na huweza kusimama hata mbele ya majaji wa uhamiaji. Majina yao na ya taasisi zao huorodheshwa hadharani na wizara. Msomaji wa Tanzania atalielewa jambo hili kwa wepesi akikumbuka kuwa Sheria yetu ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 nayo inawatambua wasaidizi wa kisheria ambao si mawakili, mradi wamesajiliwa.

Miongoni mwa taasisi zinazotoa huduma hizo huko ni International Rescue Committee, HIAS ambayo asili yake ni jumuiya ya Mayahudi, na Catholic Charities ya Kanisa Katoliki. Wapo ndugu zetu wanaosita kuingia katika ofisi hizo kwa ajili ya majina yake. Hapana haja ya kusita. Taasisi hizi huwahudumia wahamiaji wa dini zote, na Waislamu wengi wamepata haki zao kupitia kwazo. Kumwajiri mjuzi mwaminifu asiye wa dini yako katika jambo lenye manufaa si jambo geni katika Uislamu. Mtume, rehema na amani zimshukie, katika safari yake ya kuhamia Madina alimwajiri kiongozi wa njia ambaye hakuwa Mwislamu, kwa kuwa alikuwa anaijua njia na anaaminika.

Alama ya mwakilishi wa kweli ni kwamba hujitokeza kwa jina. Huweka saini katika Fomu G-28, ambayo kwayo huiambia serikali: mimi ndiye ninayemwakilisha mtu huyu. Atakayekwambia, "Nitakujazia fomu, lakini jina langu lisionekane," amekwisha kujieleza.

Mawakili vishoka

Sisi tumezoea kusema "kishoka" kwa mtu anayefanya kazi ya fani asiyokuwa na leseni yake. Vishoka wa uhamiaji wako pande zote mbili za bahari.

Huko Marekani wengi hujificha nyuma ya neno "notari". Neno hili linatupoteza hasa sisi Watanzania, kwa kuwa hapa kwetu anayethibitisha nyaraka na kuapisha watu kwa kawaida ni wakili. Tumezoea kuona mhuri wa wakili ukisomeka pia kuwa yeye ni kamishna wa viapo. Kule sivyo. Notari wa Marekani anaweza kuwa mtu yeyote aliyepewa kibali cha kushuhudia saini, akiwa karani wa benki au muuza duka. Mhuri wake haumpi ruhusa ya kutoa ushauri wa sheria. Wahamiaji kutoka Amerika ya Kusini wamehadaiwa kwa neno hilohilo, maana katika nchi zao notari ni mwanasheria mwenye hadhi kubwa.

Huku kwetu kishoka maarufu ni yule wa bahati nasibu ya viza. Humjazia kijana ombi, akaweka anwani yake mwenyewe ya barua pepe, akabaki na namba ya uthibitisho. Namba hiyo ndiyo pekee inayoweza kuonesha kama mtu amechaguliwa, kwa sababu serikali ya Marekani haiwatumii washindi barua wala ujumbe. Kijana akichaguliwa, kishoka humficha namba mpaka alipwe, au humlazimisha amwandike mtu asiyemjua kuwa ni mke wake ili mtu huyo naye asafiri. Mwenye kukubali hilo ameingia katika udanganyifu kabla hajapanda ndege.

Dalili nyingine ni hizi. Anakuahidi matokeo, akidai ana mtu wake ubalozini. Anakutaka utie saini fomu ambazo hazijajazwa. Anabaki na pasi yako au cheti chako halisi. Hatoi risiti. Hakupi nakala ya kilichopelekwa. Na anapoulizwa namba ya usajili wake hukasirika. Mwenye dalili moja tu kati ya hizi asikabidhiwe nyaraka za mtu.

Gharama ya uongo mdogo

Wapo wanaoona kuwa kubadilisha tarehe au jina katika ombi ni ujanja wa kawaida wa kutafuta riziki. Sheria ya Marekani haioni hivyo. Mtu aliyetoa maelezo ya uongo katika jambo la msingi ili apate viza au ukaazi huzuiwa maisha, isipokuwa asamehewe kwa ombi maalumu ambalo si kila mtu ana sifa za kuliwasilisha. Aliyefunga ndoa ya bandia kwa ajili ya karatasi huwekewa kizuizi kikali zaidi: hata akija kufunga ndoa ya kweli baadaye, ombi la mke huyo wa kweli halipitishwi. Juu ya hayo, ndoa ya bandia ni jinai ambayo adhabu yake hufikia kifungo cha miaka 5 na faini ya dola 250,000.

Uongo mwingine hutendeka bila kukusudia. Mhamiaji anakwenda kuchukua leseni ya udereva, anapewa karatasi au kioo cha kompyuta, anaulizwa kama angependa kujiandikisha kupiga kura, naye kwa adabu anajibu ndiyo. Au anaomba kazi na kuweka alama katika kisanduku cha "raia". Kudai uraia usiokuwa nao ni miongoni mwa makosa ambayo mawakili wa uhamiaji huyaogopa kuliko yote, kwa kuwa anayeomba ukaazi karibu hana mlango wa msamaha. Kwa hiyo mtu asiweke saini katika karatasi asiyoielewa, na ikiwa kosa la namna hii limekwisha kutokea, alieleze kwa wakili kabla ya kupeleka ombi lolote.

Ndoa na talaka zetu mbele ya sheria yao

Kanuni yao kuhusu ndoa ni nyepesi kuieleza: ndoa huangaliwa kama ilikuwa sahihi kwa sheria ya mahali ilipofungwa. Basi nikahi iliyofungwa kwa kufuata dini na kusajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ina cheti kinachojitetea chenyewe. Nikahi iliyofungwa sebuleni, bila kuandikishwa, humwacha mke akihangaika kutafuta mashahidi miaka mingi baadaye, pengine baadhi yao wakiwa wamekwisha kufariki. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Ikiwa deni la fedha limepewa uangalifu huo, ndoa inastahiki zaidi.

Kwenye talaka ndipo wengi wanapokwama. Kwa Tanzania Bara, karatasi ya talaka iliyoandikwa na shekhe haitoshi peke yake mbele ya sheria. Shauri hupita katika baraza la usuluhishi wa ndoa, kisha mahakama ndiyo inayotoa hati ya talaka. Zanzibar wana Mahakama za Kadhi zenye mamlaka ya kisheria, na hati yao hutoka huko. Mtu aliyeachana na mkewe kwa karatasi ya msikitini tu, akaoa tena, akampelekea ombi mke mpya, anaweza kuambiwa kuwa ndoa ya pili si halali kwa kuwa ya kwanza haijavunjwa. Dawa yake ni kukamilisha talaka kisheria kabla ya kufunga ndoa nyingine, si baada ya ombi kukataliwa.

Ama mitala, ukweli usemwe waziwazi. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inamzuia kupewa ukaazi mtu anayekwenda akiwa na nia ya kuishi huko kwa mitala, na ndoa inayotambuliwa ni ile ya kwanza iliyo sahihi. Wapo wanaoshauriwa na vishoka "wamwache kwa karatasi" mke wa kwanza ili mambo yapite, kwa ahadi ya kumrudia. Katika sheria yao huo ni udanganyifu. Katika dini yetu talaka si jambo la mchezo: aliyemtamkia mkewe talaka kwa mzaha, imempita. Mwanamume mwenye wake wawili aende kwa wakili na hali yake kama ilivyo. Watoto wa mke wa pili wanaweza kuwa na njia yao ya kisheria kupitia kwa baba yao, lakini njia hiyo huzibwa pale baba anapoficha kuwapo kwao.

Mke anayetishwa kwa karatasi

Hili ni jambo ambalo wazazi wanapaswa kulisoma kwa makini. Binti anaolewa, anapelekwa Marekani na mumewe. Ikiwa ndoa haijatimiza miaka miwili siku anapopewa ukaazi, hupewa ukaazi wa masharti wa miaka miwili tu. Katika siku 90 za mwisho kabla ya muda huo kwisha, mume na mke hutakiwa wapeleke ombi la pamoja la kuondoa masharti. Wapo waume wanaoifanya karatasi hiyo kuwa fimbo: "Ukisema neno, sitasaini, nawe utarudishwa kwenu."

Tishio hilo halina nguvu ambayo mwenyewe hulipa. Mke aliyepigwa au kuteswa anaweza kuomba peke yake kuondolewa masharti, bila saini ya mume, akithibitisha kuwa alifunga ndoa kwa nia njema. Vilevile, tangu mwaka 1994 ipo sheria inayomruhusu mke, mume au mtoto aliyedhulumiwa na raia au mkaazi wa kudumu kujipelekea mwenyewe ombi lake. Maafisa wamewekewa masharti ya kulifanya siri, kwa hiyo mume hapelekewi taarifa. Hizi ndizo kesi ambazo taasisi za msaada wa sheria huzipa umuhimu mkubwa, aghalabu bila malipo.

Basi mzazi anayepigiwa simu usiku na binti yake, akamjibu "Vumilia, mwanangu, utapoteza karatasi," huenda anamrudisha katika hatari kwa kuogopa jambo ambalo sheria imekwisha kulitafutia dawa. Jibu lililo bora ni kumwuliza kama yuko mahali salama, kisha kumhimiza amwone wakili au mwakilishi aliyeidhinishwa mara moja.

Mtoto wa kulea

Katika jamii zetu si ajabu mtoto wa marehemu kaka akalelewa na baba mdogo na kuitwa mwana wa nyumba. Wakati wa kuandikisha familia kwa ajili ya safari, huruma humfanya mtu amwandike kuwa ni mtoto wake wa kumzaa. Baadaye maafisa wanataka kipimo cha vinasaba, nacho hakijui huruma. Ombi la mtoto yule huanguka, na ukweli wa familia nzima huanza kutiliwa shaka.

Msomaji anajua kuwa Uislamu umehimiza kumlea yatima lakini ukakataza kumbadilishia nasaba. Suratul Ahzab, aya ya 5, imeamrisha watoto waitwe kwa majina ya baba zao. Kwa hiyo anayemwandika mpwa wake kuwa ni mwanawe hakosei kwa Wamarekani tu. Ipo njia ya ukweli: atajwe tangu mwanzo kuwa ni yatima anayelelewa, na uambatanishwe ushahidi wa kifo cha wazazi wake na wa malezi. Sheria yao ya uhamiaji inatambua uasili uliofanyika kisheria kabla mtoto hajatimiza miaka 16, pamoja na masharti ya kukaa na mlezi kwa miaka miwili. Malezi matupu hayahesabiwi kuwa ni uasili. Je, mtoto fulani anaingia katika mlango gani? Hilo si swali la kujibiwa kibarazani, ni la wakili, na liulizwe kabla ya fomu ya kwanza kujazwa.

Msiba na safari ya kurudi

Hakuna jambo linalotutia mtihani kama msiba. Mama anafariki, simu zinapigwa, na ukoo mzima unasema: mwanawe wa kwanza lazima aje azike. Lakini mtu ambaye ombi lake la ukaazi linasubiri majibu, akitoka Marekani bila kibali cha kusafiri alichopewa mapema, kwa kawaida huhesabiwa kuwa amelitelekeza ombi lake. Mkimbizi naye ana hati yake maalumu ya kusafiria, na akirudi katika nchi aliyosema anaihofia, huulizwa kwa nini amerudi. Hata mwenye kadi mkononi, akikaa nje mwaka mmoja au zaidi bila kibali cha kurejea, anaweza kukuta hali yake imetiliwa shaka.

Dini yetu haikuweka sharti kuwa maiti amsubiri mtoto wake aliye mbali. Imetuhimiza tuharakishe kuzika, na dua ya mtoto mwema haizuiwi na bahari. Basi ndugu wa huku wasimwandame kijana kwa lawama wala kumwita mkaidi. Wamwambie kwanza amwulize wakili wake kama anaweza kutoka. Akiambiwa hapana, wamswalie marehemu na wamliwaze aliye mbali.

Wajibu wa familia na wa msikiti

Nusu ya kesi nzuri hutengenezwa na walio nyumbani. Familia ihakikishe majina matatu ya mtu yameandikwa kwa namna moja katika cheti cha kuzaliwa, pasi na cheti cha ndoa. Kwa sisi tunaotumia jina la baba na la babu, herufi moja ikipotea, afisa huona watu wawili. Penye tofauti, itengenezwe hati ya kiapo mbele ya wakili kueleza ukweli, na vyeti vipya vifuatiliwe RITA kwa walio Bara au katika ofisi ya usajili Zanzibar. Nyaraka za Kiswahili huhitaji tafsiri kamili ya Kiingereza, pamoja na tamko la mfasiri kwamba anazijua lugha zote mbili na ametafsiri kwa usahihi. Nakala ya kila kitu ibaki nyumbani.

Aliye huko naye akihama nyumba atoe taarifa kwa idara ya uhamiaji ndani ya siku 10. Ikiwa ana shauri mahakamani, aiarifu mahakama ndani ya siku 5. Wito unaotumwa katika anwani ya zamani huhesabiwa kuwa umemfikia, na asipofika anaweza kuamriwa kuondolewa nchini bila kusikilizwa. Asiye na fedha aiombe mahakama ile orodha ya watoa msaada wa bure au wa gharama nafuu ambayo imeandaliwa kwa ajili ya watu kama yeye.

Msikiti una mipaka yake. Katibu si wakili, na imamu hawezi kujua sheria ya nchi ya mbali kwa kuwa anajua fiqhi. Tunachoweza kukitoa ni ushahidi wa tunayoyajua: ndoa hii ilifungwa hapa, tarehe hii, mbele ya mashahidi hawa. Barua ya msikiti ni shahada, na shahada ya uongo imehesabiwa katika madhambi makubwa. Kwa sababu hiyo, anayetaka tarehe ya ndoa irudishwe nyuma asikasirike akinyimwa. Amelindwa yeye, na wamelindwa wote watakaoleta barua zenye mhuri huohuo baada yake.

Kwa misikiti na jumuiya zetu zilizo Marekani kwenyewe, kama zile za Columbus katika jimbo la Ohio ambako Wabarawa na wasemaji wengine wa Kiswahili wanaishi, lipo jambo kubwa zaidi la kufanya. Sheria inaruhusu taasisi ya kidini isiyo ya kibiashara, yenye msamaha wa kodi na inayowahudumia wahamiaji wa kipato cha chini, kuomba kutambuliwa na Wizara ya Sheria, mradi iwe na angalau mwakilishi mmoja aliyeidhinishwa. Kijana mmoja msomi, mwenye kujua Kiswahili na Kiingereza, akilipiwa mafunzo na jumuiya yake, anaweza kuwa mlango wa halali kwa mamia ya watu ambao leo wanaingia kwa vishoka kwa sababu tu ndio wanaosema lugha yao. Hiyo ni sadaka yenye kuendelea.

Kwa aliye na ndugu anayesubiri karatasi, tunapendekeza ampigie simu wiki hii na kumwuliza maswali manne. Nani anashughulikia ombi lako, na jina lake limo katika daftari la mawakili au la wawakilishi walioidhinishwa? Unayo nakala ya kila kilichopelekwa? Tarehe yako inayofuata ni lini? Na je, kuna lolote lililoandikwa humo ambalo si kweli? Akijibu ndiyo katika hilo la mwisho, asiogope wala asifiche zaidi, amweleze wakili. Kosa lililokiriwa mapema mara nyingine hupatiwa njia, lakini lililogunduliwa na afisa huwa ni hoja dhidi yake.

Wabillahi tawfiq.